Mifupa ya Ripoti ya Nashipae

Ripoti yangu ya kwanza kazini ilirudishwa chai yangu ikiwa bado moto. Bwana Njoroge, mkuu wa ofisi yetu ya probesheni pale Kajiado, aliisoma akiwa amesimama, akailaza mezani kifudifudi, akaniuliza, "Mutheu, huyu kijana unataka aende jela ama aende nyumbani?" Nikamjibu kwamba hiyo iko ukurasa wa nne. Akasema, "Hakimu ako na faili zimejaa meza. Huo ukurasa wa nne atafika lini?" Kisha akanywa chai yangu. Nilikuwa msichana mwenye hasira za karibu, na nusura nimnyang'anye kikombe.

Nimestaafu juzi tu, na wenzangu wachanga wameniomba niwaandikie vile tulivyokuwa tukifanya kazi. Ya vyeo na mishahara sina haja nayo. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya kupanga maandishi kabla ya kuandika, kwa sababu nimeona mpango ukiokoa mtu, na nimeona mpango ukikaribia kumwangamiza mtu huyo huyo. Kwa wale ambao hawako kazi yetu, mambo ni hivi: mtu akishapatikana na hatia, kabla hakimu hajatoa hukumu, sisi hutumwa kwao. Tunaongea na jamaa zake, na aliyeumizwa, na majirani na chifu, halafu tunarudi na ripoti ya kumsaidia hakimu kuamua kama mtu huyo afungwe au aachiliwe akakae nje chini ya uangalizi wetu. Wewe ukiwa umekaa ofisini unatafuta neno zuri, yeye amekaa rumande anakungoja.

Walimu huuita mpango wa maandishi muhtasari. Bwana Njoroge aliuita mifupa. Alikuwa mtu wa Ngong, mtoto wa muuza nafaka sokoni, na hakuamini karatasi nzima. Alichukua kalenda za zamani, akazikata kwa makasi vipande vya ukubwa wa kiganja, na kwenye kila kipande aliandika jambo moja tu. "Baba alikufa" kilikuwa kipande. "Alirudisha mbuzi mwenyewe" kilikuwa kipande kingine. Unavipanga juu ya meza, unavihamisha, unavihamisha tena, mpaka uweze kusimulia kesi yote kwa mdomo bila kuangalia. Upepo wa Kajiado mnaujua, kwa hivyo juu ya kila kipande tuliweka nati za gari alizotupa fundi wa jirani. Mtu akiingia ofisini alidhani tunacheza drafti saa za kazi.

Ukishapanga, Bwana Njoroge aligeuza kiti akatazama dirishani, akasema, "Sasa niambie." Unaanza kusimulia. Ukigugumia mahali, anasema, "Hapo mfupa haujakaa," na hakwambii ni upi. Utatafuta mwenyewe. Kipande cha kwanza kilikuwa kile unachotaka hakimu afanye kesho, kwa sentensi moja. Cha mwisho ndicho kilinitoa jasho. Alikiita kikaratasi cha mpinzani. Hapo unaandika, kwa nguvu zako zote, sababu ya ripoti yako kuwa mbaya. Ukishindwa kukiandika, hushiki kalamu. Nilikuwa nikimwambia wakati mwingine sioni nimekosea wapi, naye ananijibu, "Basi rudi huko umetoka ukaulize tena."

Na kuuliza kwenyewe nilifunzwa barabarani. Mimi ni mtu wa Ukambani, nyumbani kwetu habari mbaya inaanza kabla hujavuka mlango. Huku kwa Wamaasai, habari, wao huita ilomon, ina mpango wake. Unasalimiwa, unaketi, unaulizwa za utokako. Kisha mwenyeji anaanza: watu wako salama, watoto wako salama, ng'ombe wako salama, nyasi iko, mvua ilipita upande ule. Anayaweka mazuri yote chini kwanza, polepole, na akimaliza ananyamaza kidogo. Baada ya hapo ndipo anasema, "Isipokuwa..." Mtu anaweza kukuambia wote wazima, na mwisho kabisa ukasikia jana walizika. Hakufichi kitu. Ni adabu tu, mgeni hatupiwi msiba kabla hajanywa chai. Afisa anayeinuka habari ikiwa bado kwenye ng'ombe amebeba nusu ya habari, na hajui.

Bwana Njoroge alistaafu akarudi kwa ng'ombe wake Ngong, akaniachia makasi na mkebe wa nati. Baadaye zikaja kompyuta, na baada ya kompyuta akaja Dennis.

Msinielewe vibaya. Dennis Kiprono ni afisa mzuri, na anaandika Kiswahili na Kiingereza kuliko mimi. Alikuwa na mifupa yake tayari ndani ya simu: Familia, Makazi, Mali, Aliyeumizwa, Majirani, Jamaa Wengine, Maoni. Akifika kwa watu anauliza kichwa kimoja kimoja, anajaza hapo hapo, na jioni ripoti imechapwa. Wengine wetu tulikuwa tukihangaika wiki nzima. Hakimu alimsifu mbele ya watu, na mimi mwenyewe nilianza kufikiria kuweka nati zangu kabatini.

Halafu ikaja kesi ya Nashipae. Alikuwa mjane mdogo wa huko Bisil, mume wake aligongwa na lori barabara ya Namanga akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Lemayian, na shamba. Shemeji yake, Kasaine, alitaka kuliuza lile shamba kwa ploti, vipande vipande. Lilikuwa bado kwa jina la marehemu, na bila saini ya mjane haliuziki. Siku moja alimwendea na karatasi, wakazozana, akamkamata nywele. Nashipae alikuwa anapasua kuni. Alimpiga na mpini wa shoka, akamvunja mkono. Kortini hakubisha, alikubali kosa moja kwa moja, na sisi tukatumwa kutafuta kama anaweza kuachiliwa.

Ripoti ya Dennis ilifika mezani kwangu asubuhi, siku moja kabla ya hukumu, ili niisaini. Ilikuwa ripoti safi. Aliyeumizwa amesamehe. Mama mkwe hana neno, nyumbani kuko salama. Chifu anamjua mshtakiwa kuwa mtu mtaratibu. Maoni: aachiliwe, arudi kukaa Bisil kwa familia ya mumewe. Nilishika kalamu. Halafu nikaiweka chini, kwa mazoea tu.

"Dennis, kikaratasi cha mpinzani kiko wapi?"

"Madam, kwa hii fomu yangu hakuna pahali pake."

"Basi niambie kwa mdomo. Kwa nini hii ripoti inaweza kuwa mbaya?"

Alifikiria. Si mtu wa kujibu ovyo. "Sioni. Kila mtu anataka arudi. Hata huyo alivunjwa mkono anataka arudi."

"Anataka sana?"

"Sana. Hunipigia simu kila siku kuuliza kama nimemaliza."

Nimekutana na watu waliosamehe, na wengine walinitoa machozi. Lakini mtu wa mkono uliovunjika kuniharakisha kila siku ili aliyemvunja arudi kulala karibu naye, huyo nilikuwa sijakutana naye. Nikamwuliza Dennis mama mkwe alisema nini hasa.

"Alisema wako salama. Watu, watoto, ng'ombe. Hata nyasi."

"Halafu?"

"Halafu nikamshukuru nikaenda. Vichwa vyote vilikuwa vimejaa."

"Alikupa chai?"

"Alikuwa anaenda kuwasha moto. Sikutaka kumsumbua."

Nilimwambia achukue koti. Gari la ofisi halikuwa na mafuta, jambo ambalo halikumshangaza yeyote, kwa hivyo tulikodi gari, probox ya mtu wa stendi. Njia nzima Dennis alikuwa amenuna. Alidhani namwonyesha madharau, na mimi sikuwa na roho ya kumbembeleza. Kesho asubuhi mwanamke angesimama kizimbani, na karatasi iliyokuwa kwa mkoba wangu ingempeleka mahali ambapo sasa nilikuwa napaogopa.

Ilikuwa siku ya soko la mifugo, na hilo lilitusaidia, kwa maana Kasaine alikuwa sokoni. Boma liko mbele kidogo ya Bisil, unaacha lami unaingia kwenye vumbi. Mama Kasaine alikuwa peke yake na mjukuu. Ndivyo watu wote walivyomwita yule mama mkwe, kwa jina la huyo mwana wake mkubwa.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia, kama unavyomwamkia mama wa kule.

"Iko," akaitika, akamtazama Dennis. "Huyu amerudi."

Nilikuwa nimemwonya Dennis asitoe simu mfukoni hata ikilia. Tuliketi. Moto ukawashwa. Nikatoa habari za Kajiado na za safari, naye akaanza zake, na zilikuwa vile vile Dennis alivyoziandika. Watu wako salama. Lemayian alikuwa na kikohozi, kimeisha. Ng'ombe wako salama. Nyasi imebaki kidogo. Maji yako. Dennis aliniangalia kama anayesema, si nilikuambia? Chai ikaja, tukanywa. Mama Kasaine akanyamaza, akachokora moto na kijiti, na mimi nikakaza meno nisiseme neno.

"Isipokuwa Kasaine," akasema.

Tukangoja.

"Kasaine anasema huyu msichana akirudi, ataweka kidole kwa karatasi. Akikataa, hataona jua ingine. Alisema hapa. Alikuwa amekaa hapo wewe umekaa." Alikuwa akinitazama usoni. "Hiyo maneno hakusema na pombe. Mimi ni mama yake, najua akiwa na pombe na akiwa hana. Ni yeye mkubwa wangu. Huyo mwingine niliweka kwa mchanga. Sasa mmesikia."

Dennis aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Hukungoja," akamjibu. Hakusema kwa ubaya.

Tulipoinuka alinishika mkono wa nguo. "Usiandike jina yangu. Akijua ni mimi, nitalala wapi?" Nilimwahidi. Kuahidi ni rahisi ukiwa umekunywa chai ya mtu. Tulipokuwa tunarudi kwa gari ndipo nilianza kuona uzito wake, na kabla hatujafika lami simu ya Dennis ikalia. Alikuwa Kasaine.

"Officer, naskia mmepita Bisil na hamnisalimii. Mlikuwa kwa nani?"

Nikaichukua simu. "Tumekuja kwa chifu, Kasaine. Kuna saini ilibaki." Akacheka, akasema karibuni sana, akauliza kama hukumu bado ni kesho. Nikamwambia kesho ni kesho. Kisha nikamwambia dereva ageuze gari, tukaenda kwa chifu kweli, tukamwambia kila kitu, ili nisiwe nimedanganya na ili awe tayari.

Jua lilikuwa bado juu tuliporudi ofisini. Dennis alifungua kompyuta kabla hajakaa. Alitaka kuandika juu kabisa, kwa herufi nzito, TISHIO LA KUUA.

"Hakimu akikuuliza nani amekuambia?"

Vidole vyake vikasimama.

"Kasaine atakuwa ameketi hapo mbele. Kwa hiyo boma kuna mtu mmoja tu angeweza kusikia."

"Sasa tunafanya nini, madam? Tunaacha? Tunadanganya?" Alikuwa amekasirika, na nilimpenda kwa hiyo hasira. "Mwenye kuandika arudi huko ni mimi. Jina ni langu hapo chini."

"Hatuachi na hatudanganyi. Leta ripoti yako."

Niliikata na makasi. Alijikunja kana kwamba namkata yeye. Nikamwambia achague kila sentensi inayosimama peke yake, aiweke mezani, na nati juu yake. Na hapo ndipo nataka nyinyi wachanga mtulie msome polepole. Kila kitu kilikuwepo. Dennis alikuwa amefanya kazi kuliko alivyojua. Chini ya Mali alikuwa ameandika kwamba shamba haliuziki bila saini ya mjane. Chini ya Majirani, kwamba bikoni, zile nguzo fupi za zege za kugawa ploti, zimeshasimamishwa shambani mjane akiwa rumande. Chini ya Makazi, kwamba Kasaine na mjane wanakaa boma moja, mlango kwa mlango. Chini ya Aliyeumizwa, kwamba ugomvi ulianza kwa karatasi za shamba, na kwamba amesamehe na anataka arudi upesi. Na chini ya Jamaa Wengine, kwa mstari mmoja ambao mtu angeruka, kwamba Nashipae ana mama mdogo Embulbul, upande wa Ngong, anayeshona yunifomu za shule na yuko tayari kumpokea. Kila jambo lilikuwa limefungiwa chumba chake, na hakuna lililojua jirani yake anasema nini.

"Sasa vunja hivyo vichwa," nikamwambia. "Vilikuwa vya kukusaidia kuuliza. Si vya kumsaidia hakimu kuelewa."

Alipanga. Nikageuza kiti nikatazama dirishani, akasimulia. Akagugumia. Nikamwambia mfupa haujakaa. Akapanga tena. Kile kilichomsumbua kilikuwa kipande cha "amesamehe." Akikiweka mwanzo, kila kinachofuata kinakuwa kitamu. Akikiweka mwisho, kinafuta yote. Alikizungusha mezani, akakiondoa, akakirudisha. Mwishowe akakiweka katikati, baada tu ya bikoni. Shamba haliuziki bila saini yake. Bikoni zimesimamishwa akiwa rumande. Mwenye kuuza amemsamehe, na anaomba arudi upesi. Wanalala mlango kwa mlango.

Alisimulia mpaka hapo akanyamaza mwenyewe. Niligeuka. "Sasa inatisha," alisema. "Na hatujaongeza kitu."

Hatukuwa tumeongeza kitu, na jina la Mama Kasaine halikuwa popote. Nilimpa kipande cha mwisho, kile cha mpinzani. Alikitazama sana kabla hajaandika: "Labda Kasaine amesamehe kweli, na sisi tunamtoa mtoto kwa boma la babake." Ilikuwa kweli inaweza kuwa hivyo, kwa mtu asiyejua tulichokijua. Kwa hivyo tuliandika na hilo, kwamba familia inaweza kumwona mtoto kwa mpango wa ofisi. Kwenye mstari wa kwanza tukaandika tunachotaka: aachiliwe, akae Embulbul, na mtoto wake akabidhiwe mbele ya chifu.

Kesho yake Kasaine alikuwa benchi la mbele, shati limepigwa pasi, mkono kwenye plasta. Alinisalimia kwa ule mzima, akaushika wangu kwa muda kuliko inavyotakiwa. Nashipae alipandishwa kizimbani. Alikuwa amekonda, anatafuta mtu kwa macho, na hakuna wa kwao aliyekuja isipokuwa yule shemeji.

Hakimu alisoma. Alipofika ukurasa wa pili akarudi wa kwanza. Dennis alikuwa anapumua kwa mdomo. Nilimkanyaga mguu.

"Wewe ndiye uliumizwa," hakimu akamwambia Kasaine. "Umemsamehe?"

"Kabisa, mheshimiwa. Arudi tu nyumbani."

"Hizi bikoni ziko kwa shamba la marehemu. Ni nani aliziweka?"

Kasaine hakumtazama hakimu. Alimtazama Dennis, kisha akanitazama mimi. "Hiyo ni mambo ya familia."

"Mshtakiwa si familia?"

Hakimu alingoja jibu mpaka watu wakaanza kukohoa, kisha akamgeukia Nashipae, akamwuliza kama anakubali kukaa Embulbul kwa mama mdogo. Nashipae alisema maneno mawili tu tangu asubuhi. "Na mtoto?"

Aliachiliwa chini ya uangalizi wetu. Aende Embulbul, mtoto aletwe siku hiyo hiyo, na Kasaine asimkaribie. Dennis aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria Bisil.

Tulimkuta chifu stejini Bisil, pale magari yanaposhusha watu, tukaenda pamoja. Kasaine alikuwa ametutangulia na pikipiki ya mtu. Alikuwa amesimama katikati ya boma, na akaongea kwa Kiswahili ili sisi wote tusikie.

"Nani aliwaonyesha bikoni? Nani aliuza mdomo?"

"Ni kazi yetu kuangalia," Dennis akasema. "Mimi niliona mwenyewe." Na ilikuwa kweli, aliziona.

"Wewe ni mtoto, hukuona kitu siku ile. Kuna mtu aliwaita mkarudi." Akageuka upande wa boma la jirani. Mwanamke wa pale, jina lake Simaloi, alikuwa amesimama kwenye uzio na mtungi wa maji, amekuja kutazama kama majirani wengine. "Ni huyu. Huyu ndiye hukaa na Nashipae wakisuka shanga." Akaanza kwenda kwake, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika rungu. Chifu akapiga kelele. Simaloi hakukimbia.

"Wacha huyo."

Mama Kasaine alikuwa ametoka mlangoni na mtoto mkononi.

"Wacha huyo mama ya watu. Ni mimi nilisema."

Jioni nzima tulikuwa tumekaa na makasi tukimficha, kipande kwa kipande, na tulikuwa tumemficha vizuri. Hakuna hakimu angemwona kwa ile ripoti. Kasaine mwenyewe hakuwa amemwona.

Alisimama akamtazama mama yake. Chifu na Dennis walikuwa wameshaingia katikati, lakini hakukuwa na wa kuzuia. Lile rungu lilianguka lenyewe. Alisema kitu kwa Kimaasai, kifupi, ambacho sikukijua na ambacho chifu baadaye alikataa kunitafsiria, akatoka bomani.

Mtoto alikuwa ameoshwa, amepakwa mafuta, nguo zake zimefungwa kwa leso. Kumbe alikuwa tayari kabla hatujafika. Mama Kasaine alimweka mikononi mwa Dennis. "Mwambie mama yake ni kokoo amemtoa," akasema, yaani bibi yake. "Asidhani amenyang'anywa." Nilimwuliza atabaki na nani. Alisema Simaloi yuko. Simaloi alikuwa bado kwenye uzio, na aliitikia kwa kichwa.

Jioni ile tulifika Embulbul. Sitaandika vile Nashipae alimpokea yule mtoto, kwa sababu nilitoka nje nisiaibike mbele ya afisa mdogo.

Kazi yangu ilikuwa inaelekea ukingoni wakati Dennis aliponiletea ripoti ya ufuatiliaji. Kwanza aliniletea mifupa yake, kwa vipande vya kalenda, bila kuambiwa. Mshtakiwa anaripoti kila anapotakiwa. Anashona na mama mdogo. Mtoto ameanza shule ya chekechea. Nilikuwa naangalia kama vimekaa, na vilikuwa vimekaa, nikafika kipande cha mwisho. Kilikuwa na kichwa ambacho si Bwana Njoroge wala mimi tuliwahi kumfunza mtu. Kiliandikwa "Aliyebaki." Chini yake: "Kasaine amehamia upande wa Namanga na ng'ombe wote. Mama yake yuko Bisil peke yake. Simaloi analala naye. Tangu siku ile hajamwona mtoto."

Nilikisoma, nikakisoma tena. Fomu zetu hazina pahali pa mtu kama huyo. Hajashtakiwa, hajaumizwa, korti haimjui. Nikamwuliza Dennis tunaenda lini.

"Jumanne," akasema. "Nimeongea na chifu, kuko sawa. Lakini Jumanne si ndiyo siku yako ya mwisho? Wameagiza keki."

Nikamwambia waikate tu.

Jumanne tulipitia Embulbul kwanza. Nashipae alikuwa ameshatoka nje, mtoto mgongoni, amevaa viatu vya safari. Dennis alikuwa amempigia simu na hakuwa ameniambia. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumweleza, kwamba anaweza kukataa kwenda kumwona Mama Kasaine, kwamba hakuna mtu atamlaumu akikataa, hao ni watu wa mwanamume aliyetaka kumuua. Hakungoja maneno yangu. Aliingia garini, akamweka Lemayian mapajani, akaniuliza kama tumembebea mama sukari.